Tulipeleka Yokan, Wakaturudishia Wakili

Mwalimu Kujirai, safu yako naisoma kila Jumamosi na sikudhani siku moja ningeingia humo mwenyewe, lakini naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali ambapo kila ninayemuuliza ananijibu kwa woga, na mimi woga sina, nina hasira, na najua hasira si mshauri mzuri. Majina yote nimeyabadilisha ili gazeti lako lisije likapata barua kama tuliyoipata sisi.

Mimi ni mwanamke wa hapa Sakai, naandika hesabu katika kiwanda cha visu, sijaolewa, naishi na dada yangu mkubwa Tamie ambaye macho yake yaliisha taratibu kwa presha ya macho mpaka sasa haoni hata mwanga wa dirisha. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na gemu moja tu, Malango ya Kisima, ya kampuni ya Aobane, kaseti ya kijivu, na Tamie ndiye aliyeshika pedi ya kuchezea, mimi kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kunyamaza, na alikuwa amefika lango la mwisho kabisa siku ile betri ndogo iliyomo ndani ya kaseti ilipokufa na kila alichokihifadhi kikafutika, akalia mpaka mama akatishia kuitupa mashine nje. Hakuwahi kumaliza. Kampuni nayo iliacha kuiuza zamani sana, ukiitaka labda uokote kaseti kuukuu kwenye maduka ya Nipponbashi, na betri za hizo nazo zimekufa kama yetu, na hata ukipata iliyo nzima, asiyeona ataichezaje?

Basi nikaamua tuitengeneze upya. Tulikuwa mimi, na Inada, fundi wa kompyuta ambaye mdomo wake hauna breki, na Mzee Hamaguchi, mchoraji wa mabango ya maduka aliyestaafu, ambaye alichora upya kila picha, nukta kwa nukta, miwani ikiwa puani. Kila Jumapili walikuja kwetu, tunakaanga okonomiyaki, zile chapati nene za kabichi, pale pale mezani, tunabishana, tunafanya kazi. Gemu tukaipa sauti za kumwongoza asiyeona: ukikaribia ukuta unasikia maji, mlango unalia kengele ya upepo, shimo linakoroma. Tamie ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu, na huruma hana. "Kengele gani hii, ya baiskeli?" ananiambia. "Irekodi tena, mdogo wangu. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

Sasa Mwalimu, kwetu sisi tunaofufua gemu za zamani kuna desturi moja ambayo haijaandikwa popote, nayo ni funika kombe mwanaharamu apite. Unatengeneza, unagawa nakala chache kwenye maonyesho ya watu wa ridhaa, hutafuti faida, kampuni inaona na inageuza uso, na wewe kamwe huendi kuomba ruhusa, kwa sababu ukiomba umewalazimisha wajibu, na jibu lao ni moja tu. Mzee Hamaguchi hakulijua hilo. Yeye maisha yake yote, kabla hajasimamisha ngazi kuchora bango, alipita kwanza kwa majirani na zawadi ndogo kuomba radhi kwa usumbufu, ndivyo alivyofundishwa na bosi wake, basi alipoona tunakaribia kumaliza akavaa suti yake ya mazishi, maana nyingine hana, akanunua boksi la yokan, halua ya maharage mekundu, ile nzuri ya kukatwa vipande vinene, akapanda treni mpaka ofisi za Aobane pale Osaka, bila kutuambia, akaacha anwani yetu mapokezini, akainama na kusema, "Samahani kwa usumbufu, sisi ndio tunaowatengenezea upya gemu yenu ya zamani." Akarudi anatabasamu. "Kijana wa pale ana adabu," akatuambia. "Ameinama chini kuliko mimi."

Haukupita muda boksi likarudi kwa gari la vifurushi, halijafunguliwa, kwa kuwa kampuni haipokei zawadi, na pamoja nalo barua ya wakili. Hakimiliki ni yao. Tufute kila kitu, tusaini kwamba hatutatengeneza tena gemu ya namna hiyo maisha yetu yote, kabla ya mwezi huu kuisha, la sivyo tukutane mahakamani.

Inada aliisoma akamgeukia Mzee. "Yaani Mzee, umekwenda kumgongea simba mlango umuulize kama amelala?" Mzee alikunja leso yake, akaaga vizuri kama kawaida yake, na tangu siku hiyo Jumapili haji. Mimi sikumtetea, na simu sijampigia, boksi liko juu ya kabati na hakuna anayelisogelea. Inada anataka tuimwage gemu mtandaoni kwa jina la uongo, ienee, wafukuze upepo, na nusu yangu inakubaliana naye, kwa sababu gemu yetu hii wao waliiacha ife na sisi ndio tumeifufua, sasa wanamlinda nani? Na Tamie, Mwalimu, safari hii pia amebakiza lango la mwisho tu, na amekataa kuendelea. "Nikimaliza, mtafuta," anasema. "Nisipomaliza, mtaona haya kufuta." Nifute gemu ya dada yangu au niwe mhalifu? Kusaini sitaki. Kupiga magoti sitaki. Niambie nifanye nini.

Mkaidi wa Sakai


Majibu ya Mwalimu Kujirai

Mkaidi, barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mpaka chai ikapoa. Nakupa pole, tena ya kweli. Lakini tuanze na usiyotaka kuyasikia.

Umeandika "gemu yetu". Si yenu. Jina ni lao, ramani ni zao, muziki ni wao, na kitu hakibadilishi mmiliki kwa kuzeeka. Mtu akiiacha nyumba yake ianguke ni aibu yake, ila hati bado ina jina lake. Ukienda mbele ya hakimu na hasira peke yake utarudi mikono mitupu. Limeze hilo, najua ni chungu.

La pili ni chungu zaidi. Mnamlaumu Mzee Hamaguchi kwa kuvunja desturi ambayo hamkumwambia. Mlikula naye Jumapili zote hizo, wewe na Inada mnaijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Yeye alifanya anachofanya mtu aliyelelewa vizuri, alibisha hodi. Kama shughuli yenu haiwezi kustahimili mtu anayebisha hodi, basi tatizo ni la shughuli yenu, si la Mzee. Na wewe unayejiita mkaidi, ukaidi wako ulikuwa wapi Inada alipomdhihaki mzee wa watu mezani kwako? Umeutunza wote kwa ajili ya wakili?

Haya, kukugombeza nimemaliza, sasa tuwageukie hao wa Osaka.

Wana haki ya kudai kilicho chao. Haki ya kukupangia maisha hawana. Hayo maneno ya "maisha yetu yote" yameandikwa na mtu aliyezoea watu wanaotetemeka, na mimi nimefurahi kwamba wewe hutetemeki. Usiyasaini. Ichukue barua, nenda ofisi ya kata yako, ulizia siku za ushauri wa wakili bila malipo, kaa foleni na wale wanaogombania ukuta wa uani, na ukifika mwambie wakili hivi: cha kwao nitakirudisha, changu sikitoi. Yeye ndiye awaandikie majibu. Wewe usiandike, utatukana.

Na chako ni kipi? Ukuta wenye sauti ya maji. Mlango wenye kengele ya upepo. Shimo linalokoroma. Hayo hayakuwamo katika kaseti ya kijivu na hakuna mtu wa Aobane aliyewahi kuyawaza. Yametoka kwenye mikono yenu na kwenye masikio ya dada yako. Kwa hiyo livueni jina lao, vueni muziki wao na ramani zao na chochote kinachofanana na picha zao, msibaki na hata uzi. Kisha Mzee Hamaguchi achore dunia yake mwenyewe, mtu aliyechora mabango ya mji mzima hashindwi na kisima. Tamie apange malango mapya, na kwa jinsi nilivyomsoma yatakuwa magumu kupita kiasi. Mkimaliza, itoeni mchana kweupe kwa majina yenu halisi, aicheze kila asiyeona anayetaka. Hapo ndipo wakili wao atakapokosa pa kushika. Inada mwambie kwamba jina la uongo huvaliwa na mwizi, na mkishalivaa hamtaweza tena kusimama na kusema kitu hiki ni chetu.

Limebaki lango la mwisho. Mwambie Tamie nampenda kwa kiburi chake lakini amekosea. Nyinyi mnaweza kuona haya, Aobane hawaoni, hawamjui wala hawamngoji. Kukataa kumaliza hakumzuii mtu yeyote kufuta, kunamnyima yeye tu. Betri ilimpokonya mara ya kwanza, asijipokonye mwenyewe mara ya pili. Wamesema kabla ya mwezi kuisha, na leo ninapokujibu mwezi haujaisha.

Fanya hivi. Jumapili hii nenda wewe mwenyewe nyumbani kwa Mzee Hamaguchi. Usipige simu na usipeleke zawadi, zawadi mnayo juu ya kabati. Mwombe radhi, umlete. Inada amngoje mlangoni, aombe radhi naye, kwa sauti ambayo Tamie ataisikia kutoka ndani. Halafu mketi wote wanne, dada yako ashike pedi, na wewe ukae pembeni na kunyamaza kama zamani. Akishapita, shusheni lile boksi. Ikateni hiyo yokan kwa kisu kizuri cha Sakai, vipande vinene, cha kwanza apewe aliyeinunua, na Aobane msiwabakizie.