Sentimita Tisa Nilizomwongezea Zuhra

Jumapili, saa sita mchana. Jeddah.

Joto la leo ni lile lenye unyevu, linaloganda shingoni. Kiyoyozi kinanguruma na bado dera limenishika mgongoni. Nina ofu. Siku ya ofu mimi hulala mpaka nichoke kulala, lakini leo niko jikoni tangu alfajiri, namngojea mwanangu arudi kutoka shule nimwambie neno ambalo nilipaswa kulisema juzi Ijumaa, mbele ya watu, nikanyamaza.

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitajitafutia udhuru.

Nilidanganya urefu wa mtoto wangu.

Zuhra ana miaka kumi na saba na ni kipa. Alianza kudaka akiwa mdogo, kwenye uchochoro wa nyuma ya jengo letu hapa Baghdadiyah. Wenzake hawakumtaka mbele, wakamsimamisha golini ili wasimfukuze. Akapapenda. Sasa anachezea timu ya wasichana kule Al-Nuzha. Kocha wao ni Mwalimu Idrisa, mtu wa Tanga, anayefundisha hesabu asubuhi na mpira jioni. Mwalimu ndiye aliyempiga video, akazikata vipande vipande, akazituma vyuo vya Marekani kimoja baada ya kingine. Vingi havikujibu. Kimoja kikajibu: kocha wao anakuja Riyadh kuona wasichana, na Zuhra aje, ila kwanza ijazwe fomu.

Tulilia siku hiyo, mimi na yeye. Tulimpigia baba yake Mombasa, naye akalia. Mkataba wake hapa uliisha mwaka jana akarudi nyumbani, na tangu hapo tumekuwa wawili, tukiishi hapa kwa ikama yangu, kibali changu cha ukaazi. Shule ya Zuhra inakwisha mwezi wa sita. Baada ya hapo hatukuwa na mpango mwingine wowote. Chuo kile ndicho kilichokuwa mpango.

Fomu ilikuwa na sehemu mbili, ya mzazi na ya kocha. Mwalimu alikuwa amezongwa na mitihani ya wanafunzi wake, akaniambia kwa simu, "Mama Zuhra, jaza tu zote mbili, hakuna usichokijua humo. Mimi nitatia sahihi." Zuhra alikuwa mazoezini. Nikajaza jina, tarehe, alama za shule. Nikafika penye urefu.

Wiki ile ile mzazi mmoja pale uwanjani alikuwa ameniambia huku akicheka, "Binti yako anadaka, mashallah, lakini kipa mfupi vyuoni hawamtazami mara mbili." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akipiga soga tu. Neno lake likalala na mimi siku kadhaa.

Mimi ni nesi. Kutwa nzima napima watu, uzito, presha, urefu. Namjua mwanangu ana sentimita mia moja sitini na tano kwa sababu nimempima mwenyewe zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa akijinyoosha shingo nami nikimwambia, "Shusha visigino."

Nikaandika mia moja sabini na nne.

Sikuandika mia moja sabini kamili, maana ingeonekana namba ya kubuni. Nilifikiria hata hilo.

Mwalimu akatia sahihi bila kusoma. Aliniamini. Nani asingemwamini mama mzazi, tena nesi?

Alhamisi tulipanda basi sisi watatu mpaka Riyadh. Mwalimu alikaa mbele karibu na dereva, sisi nyuma. Tulipanga nyumba ya siku mbili Al-Naseem, yeye akalala kwa rafiki yake. Ijumaa asubuhi Zuhra alikula mayai mawili, akanyoosha viungo sebuleni. Alipomaliza akanibusu mkono. Hajazoea kunibusu mkono.

Uwanjani tulikuta wasichana kama thelathini, wa kila taifa, na wazazi wao wakijipepea usoni kwa bahasha. Na pale mlangoni, ukutani, kulikuwa na kipimo cha urefu. Kila msichana avue viatu, asimame, apimwe.

Hilo halikunijia kabisa. Mtu anayepima watu kila siku akasahau kwamba na wengine hupima.

Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati huo. Foleni ilikuwa ndefu. Wasichana kumi na wawili walikuwa mbele yetu, niliwahesabu. Ningeweza kumvuta Mwalimu kando nikamwambia. Badala yake nilimwambia Zuhra anywe maji.

Kocha wa kile chuo alikuwa mama wa makamo, nywele za mvi, kofia imemkaa nyuma ya kichwa. Alisoma kipimo, akasoma fomu, akasoma kipimo tena. Akamwomba Zuhra asimame upya. Zuhra akadhani amekosea kusimama, akajinyoosha.

"Nani amejaza hii?" akauliza. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

Zuhra aliitazama ile karatasi na hakuelewa. Kisha akaiona namba. Uso wake sitaueleza.

Mwalimu Idrisa akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Hapo ndipo alipojua.

"Ni mimi," akasema. "Sehemu ya michezo ni yangu, na sahihi ni yangu. Kosa ni langu."

Nami nikanyamaza.

Walimruhusu acheze, nadhani kwa kumhurumia kwa kutoka mbali. Walimwingiza mwisho kabisa, jua limeanza kulala. Na jamani, mwanangu alidaka! Aliruka miguuni mwa washambuliaji kama hana mifupa ya kuvunjika. Alidaka penalti mbili kati ya tatu. Wazazi nisiowajua walimpigia makofi. Halafu likaja shuti moja la juu, chini kidogo ya mwamba, akaruka, vidole vikaugusa mpira na mpira ukapita. Kipa mrefu angeufikia? Huenda. Nimeurudia ule mpira kichwani mpaka nimeumwa na macho.

Baadaye yule kocha alituita pembeni.

"Nimeitazama video yake mara nyingi," alisema. "Nilikuwa najiuliza mbona goli lenu linaonekana kubwa hivyo. Kumbe ni yeye mdogo." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Ufupi ningeuvumilia. Nimewahi kuwa na kipa mfupi, na huyu ni hodari. Lakini nikimpeleka chuoni, nampeleka na karatasi zake zote, na siwezi tena kuziapia. Samahani, binti."

Je, alisema kweli? Kipa mmoja aliyeingia kwenye orodha ya waliochaguliwa alikuwa mrefu kama mlango, na alifungwa mara tatu. Labda ufupi ndio uliomwangusha Zuhra na ule uongo ukawa kisingizio kizuri. Labda sivyo. Nimefunga njia ya kujua, na nimeifunga mwenyewe.

Jana tulirudi mchana kutwa. Jangwa huku na huku, na Zuhra paji la uso kwenye kioo. Baada ya saa mbili hivi aliinuka, akaenda mpaka mbele alipokaa Mwalimu. Basi lilikuwa kimya; nilisikia kila neno, na mwingine yeyote anayejua Kiswahili angeelewa pia.

"Kochi, ulikuwa unanionea aibu?"

"Hapana, mwanangu."

"Miaka minne unaniambia nicheze na nilicho nacho. Kumbe uliona hakitoshi."

"Nisamehe, Zuhra."

"Sikusamehe."

Akarudi, akakaa kando yangu, akalaza kichwa begani kwangu akalia. Begani kwangu mimi. Nikampapasa nywele.

Tuliposimama kwa sala na chakula, nilimfuata Mwalimu nje, akiwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Kwa nini umesema ni wewe?" nikamuuliza.

"Alikuwa anaingia kucheza. Angeingiaje akijua ni mama yake?" Alikuwa na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Lakini dada yangu, usiniache nao mzigo huu siku nyingi. Nina wasichana kumi na sita kule, na wazazi wao wananipa watoto kwa sababu wanasema mimi ni mkweli."

"Nitamwambia tukifika."

Tulifika magharibi. Sikumwambia. Nilipika wali, nikajiambia mtoto amechoka.

Leo asubuhi kundi la wazazi la WhatsApp limeamka kabla yangu. Zuhra alimweleza mwenzake mmoja wa timu, mwenzake akamweleza mama yake. Sasa wanauliza ni fomu ngapi zaidi Mwalimu amezichezea. Baba mmoja ameandika kwamba binti yake hatakanyaga tena pale. Mwalimu Idrisa yumo kwenye kundi. Anasoma. Hajajibu neno.

Zuhra anarudi saa nane.

*

Saa kumi na moja jioni.

Nimemwambia.

Sikumpa hata nafasi ya kuvua mkoba, maana nilijijua. Nilisema, "Zuhra, ile namba niliiandika mimi. Mwalimu hakuijua." Alisimama palepale mlangoni. Nikaeleza simu ya Mwalimu, mzazi aliyecheka, mitihani, na kila nilichoongeza kilifanya jambo liwe baya zaidi, mpaka nikaacha.

Hakunipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Kwenye basi," akasema, "nililala begani kwako."

"Ndiyo."

"Na ukanisikia nikimwambia sikusamehe."

"Nilisikia."

Akaingia chumbani, nikamsikia akipiga simu. "Kochi, shikamoo," kisha kilio tu, muda mrefu. Mwalimu alikuwa akimwambia nini sijui. Nilisimama ukumbini kama mgeni ndani ya nyumba yangu.

Nikachukua simu nikaandika kwenye kundi la wazazi. Niliandika mara tatu na kufuta mara tatu, kwa sababu kila mara nilikuta nimejitetea. Mwisho nikaacha mistari miwili: fomu ilijazwa na mimi mama Zuhra, urefu nilidanganya mimi, Mwalimu alitia sahihi kwa kuniamini na akabeba lawama ili mtoto wangu acheze. Nikatuma. Watu wakasoma. Alama za bluu zikajaa na hakuna aliyeandika kitu kwa robo saa nzima. Kisha mama mmoja akaandika, "Subhanallah." Sijui alikuwa akinihurumia au akinihukumu. Labda yote mawili.

Nikamwandikia pia yule kocha wa chuo. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotaka. Amenishukuru kwa kusema ukweli. Orodha imekwisha kufungwa. Anamtakia Zuhra kila la heri.

Kisha nikampigia Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Nimeona ulichoandika, Mama Zuhra. Ahsante."

"Wazazi watakuamini tena sasa?"

"Mudiri anayeisimamia timu alinipigia saa tano. Ameniambia halas, imekwisha, nisije tena."

"Lakini saa tano nilikuwa sijaandika!"

"Ndiyo."

"Nitakwenda kwake. Nitamweleza kwamba—"

"Nilimtumia ujumbe wako. Amesema sahihi ni yangu. Na ni kweli, sahihi ni yangu. Ningesoma."

Saa tano. Saa tano nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki, nikimngojea mtoto arudi, nikijisifu moyoni kwamba leo nitasema.

Sijui mimi ni mtu wa namna gani. Nilidhani nilimdanganyia mwanangu kwa mapenzi. Nikitazama vizuri, naona nilimsikia mtu mmoja akicheka uwanjani, nikakubaliana naye. Miaka yote nimekaa kwenye ngazi za uwanja wa Al-Nuzha nikishangilia, na siku niliyoulizwa Zuhra ni nani, nikaandika msichana mwingine.

Muda si mrefu uliopita Zuhra ametoka. Macho yamemvimba. Amekuja hapa jikoni, akajimiminia maji, akayanywa akiwa amesimama, mgongo kwangu.

"Mama."

"Naam."

"Mimi ni mfupi?"

Mara ngapi ameniuliza swali hili utotoni, nami nikamwambia atarefuka, ni damu ya kwao baba yake, wasichana wa kwao hurefuka wakichelewa. Leo sikupata ulimi wa kusema hayo.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa kipa, u mfupi. Mia moja sitini na tano."

Akasuuza gilasi, akaiweka mahali pake.

"Basi ungeandika hivyo hivyo," akasema, na akarudi chumbani.

Kesho nikitoka zamu nitakwenda kwa mudiri, ijapokuwa Mwalimu amenionyesha kwamba haitasaidia. Nitasimama mbele ya meza yake niyaseme yote kwa mdomo, anisikilize au asinisikilize. Kwa Zuhra sijui niende na nini. Ameshaniambia jibu, na sina tena fomu ya kuliandika.