Nilivyoikalia Nguzo Yenu ya Dhahabu

Ndosho, Goma
Tarehe 14 Agosti 2011

Mpendwa mdogo wangu Kamate,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Ndosho, ambako vumbi jeusi la volkano bado linaingia mpaka ndani ya sufuria. Habari za Nakivale? Mtoto ameacha kukohoa? Nasikia upepo wa huko kambini hauna huruma, basi mfunike vizuri. Sisi ni wazima. Miguu ya mama imepungua kuvimba, na mdomo wake ndio uko mzima kabisa: jana alimfukuza muuza makaa mlangoni kwa sababu hakumsalimia sawasawa.

Barua yako ilifika. Unasema Florent, rafiki yako wa tangu tulipoishi Kiwanja, anakuita kwenye mgodi wa zamani wa Wabelgiji kule upande wa Lubero, eti dhahabu bado ipo na timu yake imekuwekea nafasi. Unasema utauza mashini yako ya kushona upate nauli. Kamate! Fundi mzima, wateja wamejaa mlangoni, unataka kwenda kugonga mawe gizani?

Unanijua, habari ya kusikia hainitoshi. Nilimwambia rafiki yangu Yasmini, yule muuza vitenge mwenye kicheko kikubwa, kwamba twende tukauone huo mgodi kwa macho yetu. Kaka yake, Useni, alikuwa anapeleka lori huko, tukapanda juu ya magunia ya chumvi. Mgongo wangu hadi leo unalalamika.

Mlango wa mgodi uko ubavuni mwa mlima, umejengwa kwa mawe ya kuchonga. Wageni wanatembezwa na Muzee Adalbert, ambaye amefanya kazi humo tangu ujana. Alituvika kofia ngumu, Yasmini akavaa ya kwake juu ya kilemba, nikacheka mpaka mzee akanikemea. Ndani kuna njia pana, reli za kutu, na vigari vya chuma vimelala pale Wabelgiji walipoviacha. Sitakuficha, nilifurahi. Wazee wetu walitoboa mlima mzima kwa mikono yao, na mimi binti yao napita humo na tochi yangu kama bibi wa gavana.

Halafu mzee akatuonyesha nguzo. Wabelgiji walipokuwa wakichimba, waliacha mawe manene yamesimama huku na huku ili yabebe dari. "Dhahabu ya humu ilikwisha," akasema Muzee Adalbert. "Imebaki ile ya ndani ya nguzo. Hiyo ndiyo vijana wanakula sasa." Kwa hiyo Florent hakukudanganya, dhahabu ipo. Ila ndiyo inayoshikilia mlima usiwaangukie.

Reli zinapoishia kuna kamba iliyokingama njiani. Tulisikia nyundo upande wa pili, nikauliza ni timu ya nani, mzee akasema ni ya Florent. Nikainama nipite. "Hapana, mama, mwanamuke hapiti hapa," akasema. "Anaishia kwenye reli. Dhahabu ikimuona kule inakimbia." Nilikuwa nimekwisha kupita. Yasmini aliniita, kisha akanifuata, maskini, huku anasoma dua.

Florent alipigwa butwaa kuniona. Nguzo yao ilikuwa imeliwa karibu kila upande, katikati imebaki kiuno cha nyigu, na juu yake ufa ambamo mkono wangu ungeingia. Yeye akatabasamu, akagonga upande mmoja ambao haujaguswa. "Yaya Kaswera, hapa ndipo tumemuachia Kamate!" Alisema kwa upendo, kama kwa dada yake mkubwa, haki ya Mungu. Mtoto aliyekula ugali nyumbani kwetu.

Niliogopa, Kamate, sijawahi kuogopa hivyo hata siku za mabomu. Kumbembeleza kungefaa nini? Nikakunja kitenge changu, nikaketi chini kabisa, mgongo kwenye nguzo.

Nyundo zote zikanyamaza. "Aka! Yaya, umetuharibia!" Florent alipiga kelele mpaka vumbi likatudondokea. Mkubwa wao, wanamwita PDG kama mkurugenzi wa kampuni, akaja mbio, akanitazama, akaitazama nguzo, akatupa tindo lake chini. Nguzo imekufa, akasema, wakusanye vyombo. Kisha akaninyooshea kidole: mtu yeyote wa damu yangu asikanyage tena kwenye timu za huko. Nikamwambia asante sana, papa.

Kama dhahabu inakimbia kweli mimi sijui. Wao wanaamini, ikanitosha. Najua watahamia nguzo nyingine, mlima unazo nyingi na mimi ni mwanamke mmoja. Florent hakuniaga, na hilo limeniuma. Nitamtumia maneno tena kwa Useni, ili naye atoke humo. Yule kichwa chake kigumu, lakini changu kigumu zaidi.

Basi nafasi yako imekwisha, na aliyeimaliza ni mimi. Usimtafute mtu mwingine wa kulaumu. Papa aliyetuzaa tulimzika kando ya barabara bila sanduku, na ndugu yetu Benny akabebwa na kipindupindu pale kambini Mugunga. Ndugu niliyebaki naye ni wewe peke yako, na sitakubali mlima unimalizie.

Nisalimie mkeo Nyirakamana, mwambie ailinde hiyo mashini, hata ikibidi ailalie. Msalimie na jirani yenu Papa Sikuli. Yasmini anakusalimu, na mama anakuombea kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mungu akuweke wewe na nyumba yako. Kasirika, mdogo wangu, nakuruhusu. Nichukie miaka yote unayotaka, mradi unichukie ukiwa mzima.

Ni mimi yaya wako, nikupendaye na nisiyeomba msamaha,
Kaswera