Kaka, Namba Tano Niliirudisha Mimi

Mpendwa kaka,

Leo nimeifungua tena ile kompyuta yako kuukuu, nikapuliza vumbi la miaka sita. Bado inawaka. Baba amelala chumba cha pili. Tangu apooze upande mmoja hawezi kuachwa peke yake, kwa hiyo nakuandikia sikio moja likiwa kwake.

Unakumbuka lile gemu la magari, pale kwenye chumba ulichopanga mjini, Njoro? Kila gari lilipofika kona ya pili na kuanza kunguruma, picha iliganda. Ukalaumu CD, ukalaumu umeme. Baba akatuambia chombo kimezidiwa na joto la mjini, na sisi na akili zetu tukaamini! Tukakipandisha mlimani kwa baba, Old Moshi, kwa pikapu ya maziwa, tukakiwasha sebuleni tumevaa masweta. Kikaganda kona ile ile. Baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Wewe hukukata tamaa. Ulifungua ubavu wa mashine, ukasoma kijitabu chake, ukaniambia hakuna kilichoharibika. Kadi ya sauti na kadi ya modemu zilikuwa zimepangiwa njia moja, namba tano, na kila moja ilipoita ilimkuta mwenzake. Ukahamisha kipande cha plastiki kidogo kama punje ya ulezi, kadi ya sauti ikaenda namba saba. Gari likapita kona likinguruma. Tulikumbatiana kama watoto.

Kisha ukapata kazi Dar. Nilitaka kwenda nawe, kaka, nilitaka mno. Lakini mimi ni kitinda mimba, na kwetu nyumba ya baba ni ya mwana wa mwisho, na kumtunza baba ni kwake pia. Watu walinipongeza kwa kuachiwa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ya baba. Hakuna aliyeniuliza kama nakitaka.

Ulikuwa umeapa huondoki mpaka uniachie mashine inayofanya kazi. Basi siku uliyokwenda Masama kumuaga shangazi, nilifungua ule ubavu nikarudisha kile kipande namba tano.

Uliporudi uligundua kwa robo saa tu. Ukanitazama, ukasema, "Ukitaka nibaki, si ungesema?"

Nikakana. Nikasingizia panya, kana kwamba panya wanajua kuhesabu. Ukaondoka bila kuniaga, na hadi leo ukipiga simu unamuulizia baba tu.

Nimechoka, kaka. Nampenda baba, lakini nimenaswa. Asubuhi namgeuza, mchana nakata majani ya ng'ombe, jioni namlisha kijiko kwa kijiko. Mjini nashuka kufuata dawa tu, nako natazama saa. Nikiona basi la Dar nageuza uso kwa wivu.

Ndani ya bahasha hii kuna jani la isale, nimelikata mpakani mwa kihamba. Mila unaijua: anayekuja na isale kuomba msamaha hafukuzwi. Hapakuwa na panya. Nilikuwa mimi. Nisamehe.

Na lile ulilosema ningelisema, nimelichelewesha miaka sita, nalisema leo. Rudi. Ukae na baba hata mwaka mmoja, nami nitoke.

Mdogo wako wa mwisho,
niliyebaki na baba.