Kinyonga Waliyemuua Siku ya Mazishi Yako

Mama,

Nilitaka kukuandikia maneno mazuri. Sina. Nina hasira tu, na hapa Mbarara ninapopanga chumba hakuna wa kuisikia.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi wakati Tante Feza, dada ya Baba, alipoenda kunawa mikono nyuma ya nyumba akapiga kelele. Kinyonga wako alikuwa ametulia kwenye nyanya, ile uliyoipanda katika bidoni, lile dumu la njano.

"Batu bote bakuje baone! Ndiyo hii shetani ilimukula!"

Wanaume waliacha chai wakaja na fimbo. Mimi nilikuwa naosha sahani. Nilipofika kinyonga alikuwa amegeuka mweusi, mdomo wazi, na bado walikuwa wanampiga. Wakapindua bidoni na ndoo zako zote. Wakawakuta vyura chini ya ile sufuria iliyotoboka, wakawamwagia maji yanayochemka. Maji ya chai ya matanga yako, Mama! Halafu wakarudi kukaa, wakaimba wimbo wa mbinguni.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza wale wanyama walifika vipi pale. Kule kwetu Fizi, Kongo, ulikuwa na shamba. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale ulipata kiwanja kidogo tu, ukaanza kupanda katika kila kitu kinachoshika udongo. Viwavi wakamaliza nyanya zako za kwanza. Majirani wakanunua dawa ya kupuliza. Wewe ulimwona chura akitoka jioni kula konokono kwenye ndoo ya lengalenga, mchicha wetu, ukamwekea kivuli na kifuniko chenye maji. Kinyonga alipokuja mwenyewe kutoka kwenye ua, nilitaka kumfukuza. Ulinishika mkono.

"Umuache. Ule ni mufanyakazi wangu. Chakula anajitafutia."

Na wewe pia nimekukasirikia. Watu waliponong'ona kuhusu kinyonga wako ulicheka tu. Kwa nini hukuwajibu ulipokuwa na mdomo? Presha imekuchukua ghafla, na maneno yote umeniachia mimi.

Mimea iliyopona tuliirudishia udongo, nami nikarudi Mbarara; Tante alibaki "kusafisha" nyumba. Alileta dawa ya wadudu kutoka mjini Kaberebere, akapuliza mimea, ukuta, mpaka chini ya dirisha. Mijusi wakaanguka tumbo juu. Baada ya muda viwavi walirudi, wengi kuliko zamani, na vidukari wakakunja majani ya pilipili yote. Tante akasema shetani wako amekasirika. Neno hilo la uchawi likatembea. Likafika kwa wakwe wa mdogo wangu Neema, nao wakatuma ujumbe kwamba mambo ya harusi yasubiri kwanza. Neema aliacha kwenda kuimba kanisani. Alinipigia simu analia, akasema, "Dada, banasema niko mutoto wa mulozi."

Nilipanda gari kurudi Nakivale siku ya kutosha matanga, yaani kuyaondoa.

Asubuhi ile Neema alinionyesha kinyonga mwingine kwenye ua, mdogo, wa kijani. Nilimpandisha mkononi. Watu walikuwa wamejaa chini ya turubai, mchungaji amemaliza kuomba, na Tante amesimama kusema habari ya kuvunja laana. Niliingia katikati. Mabenchi yalianguka! Wamama walikimbia na watoto wao. Nikamweka kinyonga juu ya nyanya iliyobaki, nikasimama.

Alijitikisa kama mtu ambaye hajaitwa popote. Tulingoja. Kisha ulimi ukaruka, na kiwavi hakuwepo tena.

"Hii ndiyo kazi ya shetani wa mama yangu," nilisema. "Mboga zake mumekula wote muliokaa hapa."

Tante akanionyesha kidole. "Munamuona? Amerithi bulozi ya mama yake!"

"Ndiyo, Tante. Nimerithi. Na hii nyumba Mama aliiachia Neema. Funga mizigo yako."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mkwe wa Neema aliinuka, nikajua anaondoka. Akaenda mpaka kwenye bidoni, akainama, akatazama muda mrefu.

"Neema," aliuliza bila kugeuka, "na vyura munabatosha wapi? Kwangu konokono bamemaliza lengalenga yote."

Neema alimjibu kwa sauti ndogo. Wakaongea. Jumapili iliyofuata wakwe walikuja kupanga siku.

Unafikiri nimepoa? Sijapoa. Tante bado anasimulia uongo wake huko Kaberebere. Mchungaji ananiambia nisamehe, nimemwambia asinisukume. Waliua vitu vilivyokutumikia, siku tuliyokuzika, na hakuna aliyekuja kusema pole kwa hilo.

Basi pumzika, Mama wangu. Mimi nakuahidi hili: siku ya harusi, wakiita mama wa bibi arusi asimame, nitasimama mimi. Nitataja jina lako lote, polepole, mpaka aliyekaa nyuma kabisa alisikie.

Binti yako mkubwa