Alama Chini ya Jina la Miwani

Kwako kaka yangu,

Nisamehe kwa ukimya wa mwezi mzima. Sijakusahau, mikono ilikuwa na mtoto, na moyoni kulikuwa na neno lililogoma kutoka. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea, ila Kidoti anaota meno, na usingizi mimi nausikia kwa majirani tu.

Kazi uliyoniachia pale duka la madishi bado ninayo. Chaneli zinahamahama kama paka mwenye watoto, na kila zikihama narekebisha faili la majina ya chaneli, kisha nalituma kwenye ving'amuzi vya wateja. Sharti lako nalijua: usiweke alama ya kuhakikiwa kwenye jina mpaka uione picha ya chaneli kwa macho yako.

Wiki nne zilizopita mwalimu wa chekechea aliingia dukani amefura. Alisema alibonyeza Katuni, ikaja filamu ya watu wanachinjana, na sasa watoto wake wanajua kushika kisu kabla ya kuzijua a, e, i, o, u. Bosi hakucheka. Alifungua faili, akakuta alama zote zimewekwa kwa jina la Miwani, yule fundi mzee aliyekufundisha kazi. Miwani aliapa kwamba siku alama zilipowekwa alikuwa juu ya paa akifunga dishi. Bosi akamwambia macho yamekwisha, akapumzike nyumbani. Mafundi nao wakamtania kuwa hata miwani yake inahitaji miwani. Alikusanya bisibisi zake, akamshika Kidoti shavu mgongoni kwangu, akaondoka.

Kaka, alama zile niliziweka mimi. Kidoti alikuwa mgongoni ana homa, analia. Chaneli zilikuwa mia na ishirini; nilitazama kumi, zilizobaki nikaziwekea alama hivyo hivyo. Kompyuta Miwani alikuwa ameiacha wazi kwa jina lake. Alipokuwa akisemwa nilisimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza. Nilijiambia nina mtoto. Yeye ana wajukuu wanne.

Jumatatu namwambia bosi. Usinikataze, wala usimpigie kuniombea. Ila kabla sijafukuzwa nataka faili liwe safi, jina kwa jina.

Nisalimie wote hapo, mbusu mdogo wao. Nitumie haya, kabla ya Jumatatu: daftari lako la namba za chaneli, lenyewe, si picha; nakala ya faili la mwisho ulilolihakiki; na namba ya mke wa Miwani, maana mwenyewe nikimpigia hapokei.

Mdogo wako,
Mama Kidoti