Pumzi Moja ya Ekai

Lodwar, Jumatano

Bado nina hasira. Nimewaambia wanafunzi wangu wa ufundi wa ndege mara ngapi kwamba bomba la kupimia kasi ya ndege halipulizwi kwa mdomo? Leo Ekai aliona vumbi ndani yake, akalipuliza kama tunavyopuliza tundu la chaja ya simu. Mshale wa kipimo cha kasi ukaruka.

"Mwalimu, tunapaa!" wenzake wakashangilia.

Mshale haukurudi kwenye sifuri; kipimo kimeharibika. Ni kipimo pekee tulicho nacho, na mtihani wa vitendo ni Ijumaa.

Nilitaka kumfukuza darasani. Akauliza polepole, "Sasa rubani akikiona kipimo hivi?"

"Ataamini ana kasi, kumbe hana."

Hakuna aliyecheka tena. Ekai alilifunika bomba kwa kitambaa.

Afadhali wameogopa. Lakini Ijumaa nitawatahini kwa kifaa gani?