Rupia ya Mama na Kopo la Tarakea

Johannesburg, Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Aminiel,

Bwana Yesu asifiwe. Najua ukifungua karatasi hii utaniamkia kimoyomoyo, basi marahaba, nimeipokea kabla hujaitoa. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hii ya Julai? Bado anakataa kwenda kulala mpaka amwone ng'ombe wake Zawadi amekula? Na mkeo, mama Upendo, bado anashuka mwenyewe Mabogini kutafuta majani ya mpunga ya ng'ombe, au mmepata mtu wa kuwaletea? Huku nako ni baridi, ila kavu, inapasua midomo. Nyasi zote zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kifua kilichonisumbua mwaka jana kimetulia kwa neema ya Mungu.

Barua hii anakuletea Mama Neema wa pale Soweto, Soweto yetu ya Moshi, si hii ya huku. Anarudi kumzika shemeji yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Juzi nilisema neno moja juu ya Zawadi ukajibu, "Dada, wewe unashika dhahabu kila siku, mimi unataka nishike kinyesi cha ng'ombe mpaka nife." Sikukasirika. Niliona una haki ya kusema hivyo, na kosa la kwanza ni langu.

Ile picha niliyokutumia Krismasi, nimevaa glavu nyeupe, sarafu ya dhahabu yenye swala iko kiganjani, nikaandika chini "Mungu ni mwema." Mungu ni mwema kweli, lakini sarafu haikuwa yangu. Ilikaa kiganjani muda wa kupiga picha tu, kisha mwenye duka la sarafu ninakofanya kazi akairudisha kwenye kiboksi chake na mimi nikaendelea kufuta vioo vya kabati. Kazi yangu ni hiyo, Aminiel. Nafagia, nafuta vumbi, nachemsha chai. Mwaka huu wa pili ameniongezea kufungua vifurushi. Nilijua mtadhani ni yangu, nikaacha mdhani. Nimeshatubu mbele ya Mungu, sasa natubu kwako.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, tunamwita Mzee Kanti. Alizaliwa Tanga, akaondoka kijana. Kiswahili chake kimeota kutu lakini bado kinakata, na ndicho kilichonipa kazi. Ananifundisha bila kukusudia, kwa kuwa anaongea peke yake. Nimejifunza kwamba wanunuzi ni wa namna mbili. Wa kwanza ananunua dhahabu kama sisi tunavyoweka gunia la mahindi darini, aje alifungue siku mbaya. Huyo hajali sura, anajali uzito. Wa pili anatafuta sarafu moja, ya mwaka mmoja, aliyoikosa maisha yake yote. Akiiona anasahau hata kuuliza bei. Nikimtazama huwa namkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyewasha taa akafagia nyumba nzima kwa ajili ya shilingi moja. Mimi mfagiaji namwelewa.

Sasa unisikilize kuhusu rupia ya Mama, ile sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, maana hujui yaliyoipata. Unakumbuka ilivyoingia kwetu. Bibi aliitoa sadaka siku ya mavuno, katikati ya mayai na mikungu ya ndizi, na kwenye mnada nje ya kanisa mzee wa kanisa akaiinua juu kama yai akauliza, "Hii nayo inapikwa vipi?" Watu wakacheka. Baba akataja bei. Mwingine akapanda, Baba akapanda zaidi, mpaka jirani yetu akapaza sauti, "Meku, mzee mzima, umeishiwa akili? Unanunua hela kwa hela!" Baba akajibu, "Sinunui hela. Nanunua mkono wa mama yangu." Basi Mama akaitunza kwenye sanduku, ndani ya kitambaa, miaka yote ile, na siku nasafiri akanipa. "Ukikwama, uza."

Mwaka jana nilipougua kifua nilikwama. Nikasema leo naiuza. Nikaitazama, imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, nikaona aibu kumpelekea mzee wa watu kitu kichafu. Nikafanya kama tulivyofundishwa kusugua vyombo kila tarehe ishirini na tatu Desemba, kabla wageni hawajapanda kutoka mijini: majivu, limau, na kitambaa kigumu. Nikaisugua mpaka yule Mjerumani wa kwenye sarafu, mwenye kofia yenye tai juu, akang'aa kama sahani ya ushirika. Asubuhi nikaiweka mbele ya Mzee Kanti kwa fahari kabisa.

Aliishika ukingoni, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni. Akaigeuza upande wa pili, kisha akarudi wa kwanza.

"Nani alikufundisha kusugua hivi?"

"Mama."

"Mama yako ni mtu safi sana," akasema. Akaweka kioo chini. "Eliakunda, ule weusi ndio ulikuwa cheti chake cha kuzaliwa. Umeuosha. Sasa ni fedha tu, na fedha naipima kwenye mizani. Hii sitaki kuipima."

Akanirudishia. Akaniambia nikapumzike wiki nzima, kazi ningeikuta. Ningefurahi kama angenitukana. Nilikaa chumbani nikiitazama, nikaona hata mikwaruzo ya majivu, midogomidogo, kama nyayo za kuku.

Nakueleza haya ujue kwamba sikwambii kwa kujifanya nina akili. Nilikuwa na kitu halisi mkononi na sikujua ninachoshika.

Ndipo ikaja picha yako ya lile kopo la Tarakea, sarafu zimemwagwa mkekani. Rupia thelathini za Mjerumani, wauzaji wawili wasiotaka kutaja kijiji chao, na wewe umeshaahidi kwamba baada ya sikukuu ya mavuno unamshusha Zawadi mnadani ili uwalipe. Unasema ukiziuza huku dukani kwetu utanunua ng'ombe watano. Nilimwonyesha Mzee Kanti ile picha. Sikumwambia ni ya ndugu yangu. Niliona haya. Akaikuza kwa vidole, akacheka mpaka akavua miwani.

"Tazama shavu la huyu. Ana kovu. Tazama wa pili. Wa tatu. Wote thelathini wana kovu moja, mahali pamoja. Watu thelathini hawawezi kuanguka kwenye jiwe moja."

Nikatazama na kweli. Kila mmoja ana mkwaruzo chini ya jicho, umepinda hivyohivyo. Maana yake mtu alichukua rupia moja ya kweli yenye kovu, akatengeneza kalibu, akamimina risasi na madini mengine, zikatoka ndugu thelathini. Kisha wakazipaka weusi. Hao wanajua kupaka weusi, Aminiel, wakati mimi nilikuwa naung'oa.

Mzee akaniuliza, "Anayetaka kununua ni nani?"

Ikabidi niseme. Akaacha kucheka. Akaniambia, "Basi mwandikie leo."

Usiniamini mimi. Chukua kioo cha kukuzia kwa yule fundi saa pale sokoni Moshi, panda nacho Tarakea, waambie wakuruhusu uchague mbili kutoka chini ya kopo. Tazama mashavu. Wakikunyang'anya kopo kabla hujatazama, umeshapata jibu pia. Lakini Zawadi abaki zizini siku hiyo. Ng'ombe yule ni wa Mama. Maziwa yake ndiyo chai ya Mama na ndiyo yanayompeleka Upendo shule, na tangu Baba aondoke ndiye anayemfanya Mama aamke na kutoka nje. Ukimpeleka mnadani hutakuwa umeuza ng'ombe peke yake. Najua umechoka kukaa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, wakati sisi wengine tunarudi Desemba na nguo mpya, tunakula mtori, tunatoa ushauri, tunaondoka. Nalijua hilo. Wewe ndiye uliyemzika Baba kwa mikono yako, mimi nilitazama kwenye simu. Ukishindwa kunisamehe ile picha, sawa, nitangoja, ila hasira yako usimlipishe Mama.

Ndani ya mzigo wa Mama Neema kuna sweta la Mama, viatu vya Upendo, na kitambaa kilichofungwa mafundo mawili. Humo imo rupia. Nimeirudisha. Mpe Mama mkononi, umwambie ukweli kwamba niliisugua, nami nitampigia aniseme vizuri. Na kama siku moja utataka kujua rupia halisi ikoje, iko hapo sandukuni, itazame kwa kile kioo bure. Mjerumani wa kwetu hana kovu.

Nisalimie mama Upendo, mwambie mikono yake naikumbuka. Msalimie mjomba mfuga nyuki, na shangazi wa Marangu anayesema nimemsahau. Mwinjilisti wetu mwambie nyimbo za huku ni za lugha nyingine lakini sauti ni zilezile, kwa hiyo naimba Kichagga katikati yao na hakuna anayegundua.

Jambo moja la mwisho. Nilimuuliza Mzee Kanti kama ile rupia inaweza kupona. Akasema ikikaa gizani, ndani ya kitambaa, isiguswe na mtu, weusi utarudi taratibu, labda miaka thelathini, labda hamsini. Mimi na wewe tutakuwa tumezikwa chini ya migomba. Upendo ataiona. Kwa hiyo Krismasi hii, Mama akitoa majivu na limau, wewe kaa karibu na lile sanduku.

Ni mimi dada yako anayekuombea,
Eliakunda